Alisomea Kwenye Matanga

Ninyi vijana wenye mutasoma hii, mukae vizuri na muweke simu chini. Ninawajua. Mukisikia mama wa mutu fulani amepata lisansi, ile digrii ya iniversite, munaweka picha yake kwenye simu, munaandika "hongera mama shujaa", munatia mioyo myekundu kumi, kisha munaingia ndani na kumuuliza kama chakula kimeiva. Hii naandika juu yenu, na juu ya wakubwa wenye waliwafundisha ile tabia.

Mutu mwenye nitasimulia ni binti yangu wa kwanza. Jina lake sitaandika, analijua mwenyewe. Ni mwalimu wa primeri, anashika mwaka wa kwanza, wale watoto wanaokuja na kamasi na kulia mpaka saa ya mapumziko. Ameolewa, ana watoto watano. Bwana yake anafanya biashara ya njia ya Bunagana, kule mupakani, mutu mupole sana, mupole mpaka unakosa pa kumushika ukitaka kumukasirikia. Wanakaa katika parsele yangu, kiwanja kimoja hapa mutaa wa Murara, Goma, wao kwenye nyumba ya mbele, mimi kwenye kijumba cha nyuma.

Siku moja alikuja kwangu akasema anataka kuingia iniversite. Pale shuleni kila direkteri, mukubwa wa shule, akiondoka, wanaleta kijana mwenye lisansi, na binti yangu ndiye anatumwa kumuonyesha choo cha walimu kiko wapi. Alisema amechoka kuonyesha choo. Nikamuuliza kama bwana yake anajua. Akasema anajua na amefurahi.

"Kufurahi ni bure," nikamwambia. "Atapika?"

Akacheka, akaenda kupika.

Kweli watu walifurahi. Wifi yake, dada mukubwa wa bwana yake, alifurahi kuliko wote. Huyo wifi mumujue mapema. Ni prezida. Usiniulize prezida wa nini. Kukiwa ndoa, ubatizo, kupokea padri, kununua viti vya wamama wa paroasi, utamukuta mbele, ana sakoshi yake ya mukono na sauti yake, na wengine wako nyuma wanaitika. Alitembea kila mulango akitangaza kwamba familia yao sasa ina mama wa iniversite. Mutaa mzima ulikubali kwamba asome. Ila hakuna hata mumoja alikubali kwamba akose jikoni.

Siku ya kwanza alivaa kitenge kizuri, akaingia kwenye chumba cha masomo. Vijana wote wakasimama na kumusalimia kwa sauti moja, wakidhani ni profesa. Akawajibu, akatembea kati ya mabenchi mpaka nyuma kabisa, akaomba nafasi, akakaa. Alinisimulia kwamba kwa muda hakuna mutu alijua aangalie wapi. Tangu pale walimuita mama, na ninyi mukimuita mutu mama tunajua mwisho wake. Walipogawana kazi ya kikundi, mumoja alipewa kutafuta vitabu, mwingine kuandika kwenye kompyuta, na yeye akapewa kuleta mandazi. Hata asistan mumoja, musaidizi wa profesa, kijana mwenye yeye angeweza kumuzaa, alimungojea kwenye mulango. Yeye alidhani anataka kumuuliza juu ya somo. Alikuwa anauliza kama anaweza kumupatia sambaza, wale samaki wadogo, za bei nzuri, zile kavu.

Nyumbani ndiyo usiniambie. Anafungua karatasi zake, mutoto anaita soksi. Anazifungua tena, kuna mugeni. Akijifungia chumbani, bwana yake anakuja kwenye mulango na ule upole wake, anaomba msamaha kwanza, anasema hataki kumusumbua hata kidogo, ila chumvi iko wapi. Chumvi iko pale imekuwa tangu walipooana. Nilikuwa namusikia kutoka kwangu nyuma, na nilikuwa najua saa kwa zile samahani zake.

Alijaribu kusomea shuleni, wazazi wa watoto wakamufuata pale. Alijaribu kanisani siku za kazi, wamama wa paroasi wakamukuta na wakamupa ufagio.

Kisha jirani mumoja akafa, muzee wa watu, na binti yangu akaenda kukaa matanga kama wote. Munajua matanga yetu. Wanaume wanakaa inje kwenye viti, wamama wanakaa ndani chini kwenye mikeka, siku kadhaa, wanaimba kidogo, wananyamaza sana. Na mutu mwenye amekaa kwenye mukeka wa matanga hakuna anayemutuma. Mutoto hawezi kuja kuuliza soksi. Hata bwana hawezi kutuma mutu amuulize chumvi, itakuwa aibu, watu watasema huyu mwanaume hana moyo. Ni pale peke yake mama wa Goma anaweza kukaa asubuhi mpaka jioni bila kuulizwa kitu.

Binti yangu aliona hiyo. Siku ya pili alikuja na karatasi za masomo zimekunjwa ndani ya kitenge. Akainamisha kichwa, akajifunika kitenge juu kama mutu mwenye ameumia, akasoma. Ukurasa ukiwa mugumu, anapanguza macho. Wakianza wimbo, anafungua mudomo na kuufunga. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Niliona machozi hayako, na kidole kinatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Nikajisogeza nimufunike zaidi, kwa sababu upande ule kulikuwa mama wa paroasi mwenye macho makali.

Tangu pale hakukosa matanga. Alikaa ya watu wa mutaa wetu, yalipoisha akaenda ya mitaa mingine. Sikoloji aliimalizia kwa muzee mumoja wa upande wa soko. Statistiki aliisomea kwa mama mumoja mwenye hatukumujua hata sura. Tulionyeshwa nyumba na watu wa njiani. Hiyo statistiki alipata distinksyo, maksi za juu. Mungu amupokee yule mama, alikaliwa matanga vizuri.

Jina la binti yangu likatoka sasa. Watu walisema hawajaona mwalimu mwenye huruma kama huyu, analia wafu wa watu mpaka hasikii akiitwa. Wifi akasikia, na mutu kama wifi hawezi kuona kitu kizuri akakiacha hivi hivi bila kukifanyia kikao. Wamama walikutana, wakamuchagua binti yangu kuwa mukubwa wa chai ya matanga kwa mutaa wote. Kwa sababu ya moyo wake. Basi toka siku ile, kukiwa kifo, yeye ndiye anabeba termos, anazunguka na vikombe, anaosha, anazunguka tena. Kile chumba chake cha kusomea wakakifunga hivyo, kwa makofi.

Wakati ule alikuwa ameshafika mwaka wa mwisho, ameandika ile kazi kubwa wanaita memwari. Ilikuwa juu ya namna watoto wadogo wanajifunza kusoma. Asistan mwenye alikuwa anamufuata kwa ile kazi, huyu hakuwa yule wa sambaza, alimwambia waziwazi kwamba shapitre, yaani sura, ya kwanza ni nzuri, ya pili ni nzuri, ya tatu haisimami. Alikuwa amekusanya mambo mengi darasani kwake, lakini hakuyapanga, hakuyaeleza. Arudi, akae nayo, aiandike upya kabla ya defanse, yaani ile siku anasimama kuitetea kazi yake mbele ya jiri ya maprofesa. Na shuleni direkteri mwingine alikuwa anaondoka. Safari hii walimwambia binti yangu kwamba nafasi itamungojea mpaka masomo yafunguliwe. Akija na lisansi, kiti ni chake. Akikosa, wataleta kijana mwingine wa kuonyeshwa choo.

Haikuwa kitu kikubwa alikuwa anahitaji. Wiki chache za kuachwa.

Ndiyo pale wifi aliingia na sakoshi. Alisema defanse ya mutu wao haiwezi kupita kimya, watu watacheka. Ikaundwa komite. Kwetu hapa mutu akimaliza masomo wanamumwangia poda nyeupe kichwani mpaka anakuwa kama mutu ametoka kwenye mashine ya unga, wanamuzungusha muji na pikipiki zinapiga honi, na maprofesa wanatayarishiwa chakula na vinywaji, wanaita koktel. Kwa hiyo kulikuwa mukubwa wa poda, mukubwa wa pikipiki, mukubwa wa koktel, mukubwa wa vitenge vya kufanana. Wote hao walikutana katika parsele yangu, Jumamosi, na Jumapili nyuma ya misa, na siku zingine kama kuna jambo la haraka. Mambo yalikuwa ya haraka kila siku. Walibishana juu ya bluu na kijani mpaka sauti zikakauka.

Na sauti zikikauka watu wanahitaji chai. Nani alipika chai? Mwenye defanse yake. Nani alitumwa soko kuangalia vitenge, juu ana jicho zuri? Yeye. Nani alionja sombe ya kujaribu, ile mboga ya majani ya muhogo, akaambiwa aseme ukweli kama imezidi chumvi? Yeye. Bwana yake alileta makreti ya vinywaji kutoka Bunagana, akayapanga chumbani juu ya meza alikuwa anaandikia, akaomba msamaha.

Siku moja walikuwa wamekaa, nikatoka kwangu nikawauliza kama kuna mutu hapa amesoma hiyo memwari, hata jina lake la juu tu.

Wifi akaniangalia kama mutu anayehurumia muzee. "Mama, kusoma ni kazi ya maprofesa. Sisi kazi yetu ni kumutukuza."

"Na shapitre ya tatu?"

"Iko ndani, mama. Zote ziko ndani."

Siku ikafika. Tulienda wote, bluu ilishinda, tulijaza mabenchi kama kwaya. Kifaransa chao sikukifuata chote, lakini uso wa mutu hauhitaji mutu wa kukutafsiria. Alianza vizuri, mugongo umenyooka, sauti ile ya darasani. Akaongea, akaongea, maprofesa wakatikisa kichwa kukubali. Kisha mumoja wa miwani akafungua katikati ya ile kazi, akauliza. Akajibu. Akauliza tena, polepole, hakuwa na ubaya. Binti yangu akaangalia karatasi, akageuza, akarudisha. Akageuza tena mpaka mwisho. Nyuma yangu mukubwa wa koktel alikuwa anauliza jirani yake kama sahani zitatosha.

Walitutoa inje ili wahukumu kati yao, yeye wakamubakiza karibu na mulango wa ndani. Komite ilijipanga. Makopo ya poda yalifunguliwa, pikipiki zikawashwa. Mulango ulipofunguka na yeye akatoka, hakuna mutu alimuangalia uso. Wifi alipiga kigelegele, na poda ikamushukia kutoka kila upande, kichwani, machoni, ndani ya nguo. Honi zikalia. Watu wakaanza kuimba na kucheza, na yeye amesimama katikati, mweupe wote, macho peke yake ndiyo yalikuwa na rangi.

Alisema kitu. Hawakusikia. Nikawasukuma nikafika karibu.

"Bado," alisema.

"Bado nini?" wifi akauliza, kopo mukononi.

"Wamenirudisha. Shapitre ya tatu. Nikuje tena mbele ya masomo kufunguliwa. Nikishindwa tena, narudilia mwaka."

Wimbo ukafa mudomo kwa mudomo. Pikipiki moja ya mbali iliendelea kupiga honi, yule wa kuiendesha hakuwa na habari. Watu waliangalia chini. Kisha mumoja wa komite, kwa busara yake yote, akasema kwamba hata hivyo chakula kimeshaiva.

Na tulikula. Maprofesa walikula kwanza. Yule wa miwani alisifu sombe na akaongezwa. Na unajua nani alimuongeza? Binti yangu, bado yuko mweupe, anazunguka na sufuria, juu yeye ndiye alikuwa anajua kila kitu kimewekwa wapi. Kila akiinama, poda inamwangika mezani, na profesa anafunika sahani yake kwa mukono.

Tuliporudi Murara, mbele hata hajanawa, wifi aliita kikao cha kuangalia vile sherehe ilipita na kutayarisha ya pili. Alisema pengine ile bluu haikuwa na bahati. Pale niliinuka. Sikuwatukana. Nilifunga kikao na kuwafungulia mulango wa inje, wakatoka, wengine bado wako na vikombe vyangu mukononi.

Nilimuhamisha binti yangu kwenye kijumba changu, na meza yake, na karatasi zake. Nilifunga mulango na ufunguo nikauvaa kiunoni. Mukwe wangu nikamwambia atapika yeye mpaka hiyo kazi iishe. Akauliza atapika nini. Nikamwambia kile wanakula. Fufu yake ya kwanza ilikuwa na mabonge, watoto waliyatafuna kama mawe, na hakuna mutu alikufa. Chumvi aliitafuta mwenyewe na akaipata.

Mwanzo binti yangu hakusoma. Nilimuangalia kwenye dirisha. Alikuwa amekaa, kalamu iko mukononi, amegeuza sikio upande wa nyumba ya mbele, anangojea kuitwa. Aligonga mulango, akaniomba nimupatie hata maharagi achambue, mikono inamuwasha. Nikamwambia hakuna anayekuita, arudi kwenye kiti. Aligonga tena. Sikufungua. Nyuma ya siku chache niliona kalamu inatembea, na nikaacha kuchungulia.

Watu walikuja, hawawezi kukosa kuja. Mukwe wangu alikuwa anakaa kwenye mulango mukubwa, na kwa kuogopa watu alikuwa anawaambia mama wa watoto ako matanga. Hakuna hata mumoja aliuliza ya nani. Walisema ni kawaida yake, huyu mama ana moyo, wakaenda zao.

Wifi peke yake ndiye hakutosheka. Alikuja na mukeka chini ya kwapa na sukari ya kusaidia wafiwa.

"Hiyo matanga iko wapi?" akamuuliza ndugu yake. "Mimi naachwaje inje?"

Mukwe wangu akaangalia viatu vyake. Nikatoka mimi.

"Hakuna mutu amekufa," nikasema. "Ndugu yako anadanganya juu anakuogopa. Bibi yake ako mule ndani anasoma, na hautamuona."

"Mama, mimi si mugeni. Mimi ni wa nyumba hii."

"Ni kweli. Basi pita jikoni, kuna sahani za tangu asubuhi."

Aliangalia sahani. Aliangalia kucha zake, zilikuwa zimepakwa vizuri. Kisha akakumbuka ana kikao paroasi. Alikuwa na haraka mpaka sukari akaisahau, na tuliinywa.

Defanse ya pili alienda asubuhi kwenye pikipiki moja, na nguo zake za kufundishia, bila kigelegele. Mimi nilibaki. Nilisema nachambua maharagi, lakini yale maharagi niliyachambua na kuyachanganya na kuyachambua tena, na kama kuna mutu aliona hakuthubutu kusema.

Alirudi jua bado liko juu. Alisimama kwenye mulango wa kijumba changu, viatu vina vumbi.

"Mama, wameikubali."

"Yote?"

"Yote. Yule wa miwani amesema ile ya tatu ndiyo imebeba zingine."

Nikamuangalia. Alikuwa anataka kucheka na uso haujui uanzie wapi. Kisha akaweka karatasi chini, akakunja mikono ya nguo, akaniuliza watoto wamekula nini, na kama kuna makaa ya kuwasha moto. Mutu mwenye lisansi. Nilimuonyesha kitanda changu. Akakaa pembeni yake ili avue viatu, akavua kimoja, akalala na kile kingine. Tangu amuzae wa kwanza sijawahi kumuona analala muchana.

Lakini habari zina miguu hapa Murara. Simu ya mukwe wangu ililia. Niliisikia ile sauti kutoka mbali, haihitaji simu kufika. Komite ilikuwa njiani, poda iliyobaki iko, safari hii vitenge ni kijani. Mukwe wangu akaja kwangu, ameziba simu na kiganja.

"Mama, wanauliza watakuta chakula saa ngapi."

Nilifunga mulango wa kijumba polepole. Nikaita watoto wote, wakubwa na wadogo, nikawasimamisha katikati ya parsele na baba yao, na nikasema mara moja tu.

"Huu mulango hakuna anayeugusa mpaka mama aamke mwenyewe. Baba anasonga fufu, wakubwa wanapika maharagi, wadogo wanachota maji, na nisisikie mutu ameita mama. Na wewe ujibu dada yako, na akaambie komite yote: mwenye anakuja kumupongeza mama, akuje amekwisha kula."